Kisa cha sukari kimemfukuza kijana barazani

BARUA

Dada mshauri, salamu.

Najua wengi wanaokuandikia wana matatizo ya ndoa na mawifi. Ndoa yangu haina neno. Mimi tatizo langu ni hadithi, na hadithi yenyewe ni ya treni.

Nina miaka 73, gadi mstaafu wa treni za mizigo. Ni Mzaramo wa Kisarawe, lakini reli ilinileta Tabora, nikaoa hapa, nikajenga hapa, na Mungu akipenda nitazikwa hapa. Niliingia kazini 1973, reli ikiwa bado ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilianza kwa kusafisha taa na kubeba kabari, nikapanda taratibu hadi nikakabidhiwa treni. Nilistaafu 2007.

Kila siku baada ya swala ya alasiri tunakaa barazani, wazee watano au sita, kahawa, kashata, bao. Kila mmoja ana lake. Mmoja anajua mpira wa zamani, mwingine anajua nani alimuoa nani. Mimi nina mikasa ya treni, na bila kujisifu, watu hutoka mtaa wa pili kuja kuisikiliza.

Wanapenda ile ya nyoka. Usiku karibu na Malongwe nilinusa ekseli inaungua, treni ikasimama, nikashuka kukagua behewa moja moja na taa yangu. Nyoka akapita kwenye kokoto, mimi nikarusha mkono na taa juu. Kumbe kioo kilikuwa kwenye kijani. Dereva kule mbele akaona gadi amempa ruhusa, akaondoka zake. Behewa langu la gadi likanipita na kanzu yangu ya kubadilisha inapepea kwenye kamba. Nilitembea mpaka alfajiri katikati ya pori, naimba kwa sauti ili simba ajue mimi si swala.

Wanapenda pia ya ng'ombe wa Shinyanga walioshuka wenyewe kwenye behewa wakamfuata steshenimasta hadi ofisini. Na ya mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, Mto Mkondoa ulipokula tuta kati ya Kilosa na Gulwe. Reli zilibaki zinaning'inia hewani na mataruma yake, kama ngazi iliyolazwa juu ya shimo. Tulisalimika kwa sababu mzee mmoja wa gengi la kutunza njia ya reli alitembea gizani kuja kutuzuia.

Lakini inayoombwa kuliko zote ni ya sukari. Naisimulia hivi.

Ni mwezi wa pili, 1986. Tumetoka bondeni Saranda tunapanda mlima kwenda Manyoni, mvua inanyesha, tuna mabehewa ya sukari iliyopakiwa Kidatu. Reli zimelowa, magurudumu yanateleza, kichwa cha treni kimechoka. Dereva anaamua kukata treni: apeleke nusu ya mbele Manyoni, kisha arudi kuchukua nusu ya nyuma. Mimi na msaidizi wangu wa breki tunabaki na mabehewa tisa na behewa letu. Msaidizi ni Mnyamwezi wa Urambo, mtani wangu. Namwamuru afunge breki za mkono zote na aweke kabari. Mnyamwezi na uvivu wake anafunga tatu, anaingia ndani kunywa chai. Mara vikombe vinaanza kuteleza mezani. Tunaangalia dirishani, mti unatupita! Tunarudi Saranda kinyumenyume bila dereva. Kwenye kona mabehewa manne yanaacha reli, mawili yanalala ubavu, magunia yanapasuka. Mvua inaiyeyusha sukari yote, mtaro unageuka sharubati, vyura wanaogelea kwenye chai isiyo na majani. Na mtani wangu? Namkuta amesimama kwenye mvua, kabari mkononi. Nikamuuliza, "Mnyamwezi, hiyo kabari unasubiri uolewe nayo?"

Hapo baraza zima huanguka. Nimekisimulia kisa hicho zaidi ya miaka 30, na kila mwaka vyura wanaongezeka.

Mwezi uliopita kijana mmoja alianza kuja barazani. Mwalimu, amehamia mtaani kwetu, mpole, anasalimia wazee kwa kuinama. Wenzangu wakasema, "Gadi, mpe mgeni ya sukari." Nikampa, na jina la utani la yule msaidizi nikalitaja kama ninavyolitaja siku zote. Wote walicheka. Kijana hakucheka. Akaniuliza, "Mzee, huyo msaidizi alikuwa na kovu kwenye kiganja cha kulia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni baba yangu." Akalipa kahawa yake na yangu, akaaga vizuri, akaondoka. Hajarudi tena. Nikipita kwake ananiamkia, lakini haniangalii.

Sasa nikwambie ambacho sijamwambia mtu, hata mke wangu. Sikuamuru breki zote. Mtani alifunga tatu, akaja mlangoni amelowa, akasema, "Mkuu, bado sita." Mimi nikamjibu, "Zinatosha, panda tunywe chai." Vikombe vilipoanza kuteleza, nilishika gurudumu la breki ya behewa letu. Yeye ndiye aliyeruka nje na kabari, akakimbia pembeni ya magurudumu akijaribu kuitupia chini ya gurudumu. Hapo ndipo alipochanika kiganja. Kwa hiyo kabari ilikuwa mkononi kwake, hilo ni kweli.

Kwenye kamati ya uchunguzi nilimwambia nje ya mlango anyamaze, mimi nitalimaliza. Alinyamaza. Nikalimaliza kwa kusema nilimwamuru. Mimi nilipata barua ya onyo, yeye alifukuzwa.

Alirudi Urambo kulima tumbaku. Nilisikia alifariki 2011. Sikwenda. Mjane wake yuko hai, siku hizi anaishi hapa kwa huyo kijana.

Kuna jambo moja zaidi. Tarehe 24 Juni 2002, ile treni ya abiria iliporudi nyuma mlimani kule Msagali ikagonga ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280, sikuweza kusimulia kisa cha sukari karibu mwaka mzima. Wenzangu walidhani naomboleza. Kisha wakaniomba, nikaanza tena.

Nimemgusia mke wangu juu juu tu, akasema yaliyopita si ndwele. Wenzangu wa baraza wanasema kijana hana uvumilivu wa utani. Je, niende kwake? Nimwambie yote, au nimuombe radhi tu kwa kumtania baba yake? Naogopa kumuumiza yule mama aliyekwisha zika. Na nikisema kweli, nikiulizwa barazani mimi ni nani tena, nitajibu nini?

Gadi Mstaafu, Tabora


JIBU

Shikamoo mzee wangu.

Nianze na wasomaji wadogo, wale waliopanda treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024 na hawajui gadi ni nani. Kwenye reli ya zamani, ile ya mita moja, treni ya mizigo ilikuwa na wakubwa wawili. Dereva alikuwa mbele na kichwa chake, gadi alikuwa mwisho kabisa, kwenye behewa dogo lenye meza, jiko na breki yake. Treni ni mali ya gadi. Dereva haondoki bila yeye, na ndiyo maana yule nyoka wa Malongwe alifanikiwa kumfukuza gadi kazini kwa usiku mmoja. Treni ikikatwa mlimani, kichwa kikaenda na nusu, breki za nusu iliyobaki hushika kwa muda tu, kisha zinavuja kidogo kidogo hadi zinaachia. Kwa hiyo lazima mtu apite behewa kwa behewa akifunga breki za mkono na kutia kabari. Msaidizi hufunga, gadi ndiye anayethibitisha. Nayajua haya kwa sababu nimekulia kota za reli. Baba yangu alikuwa steshenimasta wa stesheni ndogo ambako treni ya mizigo ndiyo ilikuwa saa yetu ya ukutani, na magadi walikula ugali mezani kwetu wakisimulia visa kama vyako.

Kwa hiyo nakujibu kama mtoto wa reli, na utanisamehe nikikosa adabu mahali.

Mzee, nimeisoma barua yako mara tatu. Nyoka umempa nafasi, vyura umewapa nafasi, hata kanzu inayopepea nimeiona. Ulipofika kwenye mlango wa kamati umeandika mistari miwili mitatu ukapita haraka, kama treni inayopita stesheni isiyosimama. Hapo ndipo ninapotaka usimame, maana huyo kijana anaishi hapo.

Wenzako wanasema hana uvumilivu wa utani. Si kweli, na wewe Mzaramo unajua kuliko mimi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu misafara ya wapagazi inashuka pwani, na una sheria zake. Mtani unamtukana usoni, na yeye anakutukana usoni. Ukimwita mvivu, anakuita mla nazi usiyejua jembe, mnamaliza mnakula pamoja. Huyu wako ulimtania hayupo. Alikuwa Urambo kwenye tumbaku, wewe uko barazani na kahawa. Hakupata hata siku moja ya kurudisha. Tangu 2011 hana tena mdomo wa kurudishia. Huo sijui tuuite nini, ila utani sio.

Na mtani ana kazi yake msibani. Ndiye anayepaswa kuwepo, azuie jeneza, adai chochote, awachekeshe wafiwa wakiwa wanalia. Mtani wako alizikwa na wewe ulikuwa umbali wa safari ya siku moja. Sikulaumu kwa kukutonesha. Nakuonyesha mlango wa kuingilia. Nenda kama mtani aliyechelewa msiba. Kwa mila hilo ni jambo linaloeleweka, hata mama yule atalielewa kabla hujafungua mdomo.

Umeniuliza umwambie yote au umuombe radhi kwa utani tu. Yote. Ukiomba radhi kwa utani peke yake, utakuwa umesema: samahani kwa kucheka uvivu wa baba yako. Yaani uvivu unabaki, kicheko tu ndicho kinaondoka. Kijana amekua akijua baba yake alifukuzwa reli. Sijui nyumbani walimwambia nini, pengine baba mwenyewe alisema kweli na hakuna aliyemwamini, maana mkuu wake alisema vingine na mkuu alibaki kazini. Wewe ndiye binadamu pekee aliye hai aliyelisikia lile neno, "Mkuu, bado sita." Ukifa nalo, limekwenda.

Unaogopa kumuumiza mama. Mzee wangu, huyo mama ameishi miaka yote hiyo na mume aliyefukuzwa kwa uzembe. Ameshaumizwa. Anachoweza kupata sasa ni kusikia kwamba mume wake alifunga breki, aliomba ruhusa ya kufunga nyingine, na mabehewa yalipoondoka aliruka kwenye mvua kuyakimbiza wakati mkuu wake yuko ndani. Ningekuwa mimi ndiye mjane, ningetaka kulisikia hilo hata nikiwa na miaka mia.

Sasa namna ya kwenda. Usianzie kwa mama, anzia kwa kijana, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba na yeye ndiye uliyemtendea mbele ya watu. Mkute kwake, si njiani wala shuleni kwake. Mwambie una neno kuhusu baba yake na ungependa yeye alisikie kwanza, kisha aamue mwenyewe kama mama yake aambiwe, na lini. Akisema hapana, hapana yake iheshimu, hata kama wewe umeshajikaza kusema.

Usiende na wazee wa baraza kukusindikiza. Watakutetea, na mtu anayetetewa hasemi kweli. Mke wako ndiye wa kwenda naye, lakini kwanza umwambie yeye. Amekwambia yaliyopita si ndwele kwa sababu hajui yaliyopita ni yapi. Tena methali hiyo ina nusu ya pili, tugange yajayo, sijui kwa nini watu huisahau kila mara.

Utakapoongea, acha usimulizi wako nje pamoja na viatu. Hili nalisisitiza kwa sababu una kipaji, na kipaji kitakuponza. Ukianza na mvua ya Saranda na kichwa kilichochoka, utajikuta umefika kwenye vyura na kijana ataona unamchezea tena. Sema sentensi chache kavu: Baba yako alifunga tatu. Aliniambia bado sita. Mimi nilimwambia zinatosha. Alichanika mkono akijaribu kuyasimamisha. Kwenye kamati nilidanganya, nikabaki na kazi, yeye akapoteza yake. Kisha nyamaza. Ukijisikia kuongeza kwamba ulikuwa kijana, kwamba mlikuwa hamjalala siku mbili, kwamba breki za mabehewa zenyewe zilikuwa mbovu, meza mate. Huenda yote hayo ni kweli, lakini si ya siku hiyo.

Pesa. Najua utawaza, kwa sababu wewe umekula pensheni na mwenzako hakula. Usiende na bahasha siku ya kwanza. Bahasha inafunga mazungumzo, na ukiiweka mezani pamoja na ungamo, kijana hatajua kama ameombwa radhi au amelipwa anyamaze. Baadaye, kama mtakuwa mnasalimiana vizuri, kuna ada za wajukuu, kuna kaburi pengine halijajengewa, na mtani ana haki ya kuchangia kaburi la mtani wake bila kuulizwa sababu. Na tafadhali, usipeleke sukari. Nakwambia hivi kwa sababu sukari ni zawadi ya kawaida ya ugeni na mkeo anaweza kuifunga kwenye mfuko bila kufikiri.

Ila kitu kimoja peleka: karatasi. Andika kwa mkono wako yale uliyoniandikia mimi, mwezi, mwaka, mahali, mabehewa mangapi, nani alisema nini, na uweke sahihi. Kazi haitarudi na mwenyewe hayupo, lakini familia itakuwa na kitu cha kuweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vya baba. Watoto wake wengine ambao hawako Tabora nao watakisoma. Maneno ya mdomo, wewe mwenyewe umeona, baada ya miaka 30 yanaota vyura.

Tuje barazani. Kisa cha sukari usikisimulie tena kama kilivyokuwa. Je, ukisimulie upya kwa kweli yake? Hilo si langu wala si lako, ni la kijana. Muulize. Anaweza kutaka baba yake asafishwe palepale alipochafuliwa, mbele ya wazee walewale. Akitaka hivyo, fanya siku moja, mara moja, na yeye akiwepo kama atapenda. Anaweza pia kutaka jina la baba yake lisitajwe tena na mtu yeyote mwenye kikombe mkononi. Basi wenzako wakisema "Gadi, tupe ya sukari," waambie hiyo imefungwa. Watakuuliza kwa nini. Waambie wewe ndiye hukufunga breki. Hayo ni maneno machache, hayahitaji ruhusa ya mtu, na jina la marehemu halimo.

Umeuliza utakuwa nani tena. Utakuwa mzee aliyetembea usiku mzima Malongwe akiwaimbia simba, maana huo mkasa ni wako, ulioucheka ni wewe mwenyewe. Na umewahi kuona kwamba visa vyako vingine vyote anayechekwa ni wewe, au ng'ombe? Katika barua nzima ni kimoja tu ambacho anayechekwa ni mtu mwingine.

Kuhusu 2002, sina mengi. Ulinyamaza mwaka mzima kwa sababu ulijua mabehewa yanayorudi nyuma mlimani ni kitu gani, na kwamba yale ya kwako yalibeba sukari na si watu. Ukipata nafasi, hilo nalo mwambie kijana. Si lazima siku ya kwanza.

Inawezekana asikusamehe. Amelipa kahawa yako, ambayo ni adabu kubwa, lakini adabu si msamaha, na wewe huendi kudai risiti. Akikusikiliza mpaka mwisho akasema tu "nimekusikia mzee," inuka, aga, rudi nyumbani. Usimtume imamu wala mwenyekiti wa mtaa kumsukuma. Endelea kuitikia shikamoo yake anapokuamkia.

Nenda Jumamosi asubuhi, siku ambayo mwalimu hayuko darasani, kabla mkewe hajatoka sokoni na nyumba haijajaa watoto. Na taa yako ya gadi, kama bado unayo, iache nyumbani. Mjukuu wa marehemu akija kuitaka siku moja, utampa.